Basi la marehemu baba limetugawa, na gereji inataka nusu mbele

BARUA

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Najua wengi wanakuletea mambo ya ndoa na mawifi, na langu likisomwa juu juu linachekesha, maana ni la basi. Lakini limefika mahali mimi na kaka yangu hatupokeani simu.

Baba yetu alikuwa na basi moja tu maisha yake yote. Scania ya miaka ya 80, injini mbele, chasi iliunganishwa pale TAMCO, kile kiwanda cha kuunganisha magari cha Kibaha, na bodi ikajengwa hapa hapa Dar. Lilikuwa la kusini, toka Dar kupitia Lindi mpaka Masasi, enzi zile ambazo abiria walishuka Ndundu kusubiri pantoni kuvuka Rufiji, na masika likinasa kwenye tope la Somanga watu wanalala njiani. Ndilo lililotusomesha. Kaka, ambaye ni mkubwa wangu, alianza ukondakta humo alipomaliza la saba. Mimi nilikuwa napanda wakati wa likizo, nakaa juu ya kifuniko cha injini pembeni ya dereva, pamoto mpaka unatandika khanga mbili. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na lami ikaanza kusogea, wakaingia wenye mabasi mapya na baba hakuwaweza. Mwishowe aliliegesha kwenye kiwanja chetu cha Chamazi, akawa anakwenda kuliwasha tu. Baadaye hata kuliwasha akaacha. Alifariki mwaka 2017.

Tuliobaki ni mama, kaka na mimi. Mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo, kaka akateuliwa msimamizi, nyumba na kiwanja vikagawanywa kwa sheria ya Kiislamu bila ugomvi wowote. Basi hatukuliandika. Kila mtu alilihesabu chuma chakavu.

Halafu kaka akaja na mnunuzi wa vyuma chakavu, yule anayepima kwa kilo. Nikakataa. Nikasema nitalifufua kwa pesa yangu. Kaka akacheka, akasema haya, tuone. Niliuza kiwanja changu cha Kibada, mume wangu akijua na akiridhia, nikaanza.

Nilimtafuta mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa mafundi walioijenga ile bodi. Nitamwita Mzee Fundi. Alikuja na bisibisi mfukoni, akaanza kuchomachoma nguzo za bodi moja moja pale zinapokutana na sakafu. Nguzo ya nyuma ya mlango wa abiria, bisibisi iliingia kama kwenye papai bivu. Kwa nje ilionekana nzima kabisa, kumbe ni pati na rangi tupu. Akaniambia, "Mama, hili usiwaze rangi kwanza. Tulifungue."

Tukang'oa viti, tukang'oa mbao za sakafu. Injini hawakuiwasha kwa pupa. Walimwaga dizeli ya zamani, wakatoa nozeli, wakatia oili kwenye silinda zote sita, wakaiacha inywe, kisha wakaizungusha kwa pau kidogo kidogo mpaka ikalainika. Siku ilipowaka moshi ulijaa mtaa mzima. Chasi ikakwanguliwa ikapigwa rangi ya kuzuia kutu, mabomba ya breki za upepo yakabadilishwa. Mpaka hapo nimetumia milioni 19.

Shida ikaanzia hapo. Mzee Fundi ni mtu wa taratibu. Ukimuuliza kazi nzima itafika shilingi ngapi, anakwambia tukifungua ndiyo tutajua. Mara anakuja, mara haji. Sasa mguu unamsumbua na kazi imesimama. Mume wangu hanilaumu, ila kila mwisho wa mwezi ananiuliza, "Hivi litaanza lini kuingiza?"

Na kaka, alipoona injini imewaka, moyo ukamrudi. Lakini anataka vingine kabisa. Anataka tulipeleke kwenye gereji moja kubwa ya bodi, yenye vijana wanaokuonyesha basi lako kwenye kompyuta kabla hawajaligusa. Watakata bodi yote ya zamani, wajenge mpya yenye kioo kimoja kikubwa mbele kama basi la Mchina, ndani wafunge jiko, friji na meza, liegeshwe Kigamboni ufukweni liwe mgahawa. Injini itolewe iuzwe, eti inakula nafasi. Makadirio yao ni milioni 52, nusu mbele, na bei hiyo ni mpaka mwisho wa mwezi huu. Kaka yuko tayari kutoa milioni 15.

Mimi nataka lirudi lilivyokuwa. Rangi ya krimu na mistari ya kijani, vioo viwili vya mbele, ngazi ya nyuma ya kupandia kwenye keria. Nilipokuwa nasugua mlango wa buti kwa msasa, chini ya rangi tatu yakatokea maandishi ya mkono: MUNGU SI ATHUMANI. Aliyaandika mchoraji mmoja wa Temeke nikiwa mtoto, nakumbuka mpaka kofia yake. Gereji wanasema bati lile limeliwa, watanitengenezea stika. Nawaza nilikodishe kwa maharusi, kwa watu wa ziara, na sikukuu tupakie ukoo twende Masasi.

Nilimwambia kaka basi ni langu, maana mimi ndiye niliyetoa pesa wakati yeye anataka kuliuza kwa kilo. Akanijibu maneno nisiyoweza kuyaandika. Mama yeye anasema, "Fanyeni mtakavyo, ila lisitoke hapa linavutwa."

Anti, nimwachie kaka afanye biashara yake, anirudishie changu nikae pembeni? Au nishikilie nilichoanza? Na Mzee Fundi namwachishaje kazi, mtu aliyelijenga kwa mikono yake?

Mtoto wa Mwenye Basi, Mbagala

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Halichekeshi hata kidogo. Barua yako niliisoma, kisha nikampelekea jirani yangu aliyestaafu ufundi wa bodi za malori na mabasi, kwa hiyo ukikuta humu maneno ya gereji ujue si ya kwangu.

Nikikuelewa vizuri, una basi lililofika katikati. Injini inaunguruma, chasi ni safi, bodi iko wazi na viti viko nje. Upande mmoja kuna Mzee Fundi, hana bei wala tarehe lakini anajua bisibisi aichome wapi. Upande wa pili kuna gereji, ina bei, ina tarehe, na ina haraka ambayo ni yake, si yako. Wewe umesimama nyuma ya mzee, kaka yako nyuma ya gereji. Ugomvi wenu umepata sura ya mafundi wawili, lakini sidhani kama umetoka kwao.

Kabla sijagusa njia yoyote, niruhusu nirudi kwenye mambo mawili uliyoyaandika kama yaliyokwisha.

La kwanza ni neno "langu". Pesa uliyoitia ni yako, hilo halina ubishi. Ila basi lenyewe ni mali ya marehemu ambayo haikuandikwa, na kutoandikwa hakuitoi kwenye mirathi. Kama warithi ni ninyi watatu tu na mnafuata sheria ileile mliyogawia nyumba, basi hilo likifanywa mafungu 24, mama yenu ana 3, kaka yako ana 14, wewe una 7. Na aliyeteuliwa kusimamia mali za marehemu ni huyo huyo uliyemwambia hana chake. Sikwambii haya ili ujione mdogo. Nakwambia kwa sababu sentensi yako moja ilimwondoa kwenye basi alilolifanyia kazi toka utotoni, na tena ilimwondoa kimakosa kisheria. Milioni 19 zako ni suala jingine, nalo ni zito: ni mkopo kwa mali ya urithi, ni mtaji, au ni zawadi? Hamkuandika popote. Alipocheka akasema "haya, tuone", wewe ulisikia amekubali uendelee na kwamba litakuwa lako. Yeye huenda alisikia mdogo wake anahangaika, atachoka tu. Hilo la maandishi lingepaswa kuzungumzwa na karani wa mahakama ileile iliyofungua mirathi, au na wakili, kabla ya shilingi nyingine kutoka. Kadi ya gari nayo najua bado inasoma jina la baba. Bila kuiweka sawa TRA, mamlaka ya mapato, hamtaweza kulikatia leseni ya kubeba abiria wala kuliuza, liwe limepigwa krimu au limejengewa jiko.

La pili, umeandika barua nzima kana kwamba kaka yako ni mtu wa pesa na wewe ni mtu wa kumbukumbu. Hebu isome tena. Wewe nawe unazungumzia maharusi na watu wa ziara. Na yeye, aliyekuwa na mnunuzi wa kilo mlangoni, aliposikia injini inaunguruma akaja na milioni 15. Sijui moyoni mwake kuna nini. Ila kondakta aliyepiga debe kwenye basi la babake ujana wake wote, akaliona likiozea Chamazi, anaweza akatamani liondoke machoni kwa sababu ambayo si tamaa. Umewahi kumuuliza? Kwenye barua sijaona.

Sasa basi lenyewe. Jirani yangu alipomaliza kusoma aliniuliza swali moja: hili basi linakwenda kufanya nini? Nikamwambia ameandika. Akasema hapana, ameandika vitu vitatu, na kila kimoja ni basi tofauti. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu naona mafundi, pesa na kaka yako wote wamening'inia kwenye swali hilo.

Likiwa la kukodisha, yaani kubeba watu kwa malipo, hata kama ni maharusi wa Jumamosi, unaingia kwenye mikono ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani. Utahitaji bima inayofunika abiria na dereva mwenye leseni ya daraja C. Viti mnavyotaka kuvirudisha, vilivyopangwa zama za kubanana, na milango ya dharura, vyote vitaangaliwa. Kwa hiyo ni busara kwenda LATRA na picha za basi likiwa bado liko wazi hivi hivi, kabla fundi viti hajakata kitambaa. Matairi usiyaangalie kwa kashata, yale meno yake ya juu. Ubavuni kuna namba, na tarakimu zake nne za mwisho ni mbili za wiki na mbili za mwaka yalipotengenezwa. Tairi lililosimama Chamazi tangu enzi za mzee linaweza kuwa na kashata nzima na bado likapasuka ukiwa umeshapita Kibiti. Breki za upepo nazo, kubadilisha mabomba ni mwanzo tu. Kuna mipira ndani ya vyungu vya breki ambayo hukauka gari likisimama, na huwezi kuiona mpaka ufungue. Hii ni njia ya gharama, na soko lake lina Coaster nyingi zenye AC. Faida yake ni kwamba la kwako halifanani na la mtu. Kama faida hiyo inalipa, wapigie kwanza wapambaji na waandaaji wa harusi wanaofanya kazi mjini, uwaulize wangetoa kiasi gani kwa basi la zamani lililotengenezwa vizuri, bila kiyoyozi, mwezi Desemba. Utakachosikia kitakusaidia kumjibu mume wako.

Likiwa la familia tu, la kwenda Masasi sikukuu, mzigo wa vibali unapungua, lakini usalama haupungui, maana humo ndani ni wanao. Na hapo jibu la swali la mume wako linabadilika: halitaingiza. Si dhambi. Watu hujenga nyumba za kijijini wanazolala Krismasi na Idi tu. Ila aambiwe hivyo, asiendelee kusubiri mwisho wa mwezi.

Likiwa mgahawa wa kuegeshwa kama anavyotaka kaka, lipo jambo moja ambalo nadhani hamjaliweka mezani. Zile milioni 19 zilikwenda kwenye injini, chasi na breki, yaani vitu vile vile ambavyo mgahawa usiotembea hauvihitaji. Ukikaa pembeni "ukarudishiwa chako", mnarudishiana thamani ya kazi itakayong'olewa. Pengine ndiyo maana pendekezo lake lilikuuma kuliko unavyoweza kueleza. Mwambie hilo kwa tarakimu, si kwa machozi, uone atasemaje.

Na Kigamboni si mahali pa kwenda kichwa kichwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mkisogea nyuma mkakaribia barabara, kuna hifadhi ya barabara, na wewe ni mtu wa Dar, alama nyekundu ya X ya kubomolewa huhitaji kuelezwa. Basi lenye injini likiambiwa lihame linahama usiku huo huo. Lisilo na injini linasubiri winchi, na upepo wa chumvi unaendelea kulila. Hapo bado leseni ya manispaa, afisa afya, na watu wa zimamoto kwa ajili ya gesi. Lakini nisimwonee kaka yako: mgahawa ndani ya basi unaweza kulipa kila siku, si Jumamosi tu, na yeye ndiye kati yenu aliyewahi kuishi kwa pesa ya basi. Wazo lake halistahili kukataliwa kwa sababu tu lilikuja baada ya la kilo.

Kuna hata namna ambayo mawazo yenu mawili yanakaa pamoja: bodi ya zamani, injini inabaki, jiko dogo nyuma, linakwenda kwenye shughuli na kurudi kulala nyumbani. Sisemi ndiyo hiyo. Ina ubaya wake. Jiko, friji na tanki vina uzito, lita 1,000 za maji peke yake ni tani moja, na ekseli ya nyuma yenye matairi manne ina kikomo cha tani 10 kwenye mizani ya barabarani. Kitu kinachofanya kazi mbili huwa kinazifanya zote nusu nusu, jirani yangu alisisitiza sana hilo, na alipokuwa anasisitiza alikuwa ananyoosha kidole kwenye kochi langu la kukunjua.

Kuhusu gereji, sina sababu ya kuwashuku, na kompyuta si kosa. Lakini jirani yangu aliuliza, "Wamepima chasi au wamepima picha?" Bodi mpya ya kisasa juu ya chasi ya miaka ya 80 inataka hesabu ya uzito na ya namna nguzo zitakavyokaa. Waombe mchoro wenye vipimo, na wakuonyeshe watafunga wapi. Chasi ya Scania imeungwa kwa ribiti na bolti; fundi akikwambia atachomelea tu kwenye kingo za juu na chini za chasi, muulize maswali zaidi. Kioo kimoja kikubwa kilichopinda kinapendeza, ila kikipasuka unaagiza na kusubiri. Vile viwili bapa vya baba, fundi vioo wa mjini anakukatia kwenye kioo cha tabaka siku hiyo hiyo. Na nusu mbele ni milioni 26, zaidi ya zote ulizotumia mpaka leo, kwa kazi ambayo haijaanza. Inaweza kujadiliwa ikawa kwa hatua: nguzo, sakafu, mabati, rangi, kila moja ikaguliwe ndipo ilipwe, na risiti za vifaa ziwe na jina lenu. Pia iandikwe nani anabeba hasara likiungua likiwa kwao. Wakikataa yote hayo utakuwa umejifunza kitu. Wakikubali, utakuwa umejifunza kingine, na pengine woga wako juu yao utapungua.

Mzee Fundi. Umeniuliza unamwachishaje, nami nashangaa kidogo, kwa sababu sikuona mahali ulipomuuliza yeye anatakaje. Mguu unauma, ana umri, na kila asubuhi anajua kuna mtu Chamazi anamsubiri akunje bati. Huenda anatafuta namna ya kutua mzigo bila kuonekana amekimbia kazi yake mwenyewe. Anaposema tukifungua ndiyo tutajua, kwa kutu hiyo anasema kweli. Lakini sasa mmeshafungua. Ombi la bei ya kazi nzima litamshinda. Ombi la bei ya nguzo zilizooza peke yake analimudu, maana alizichoma zote na anazijua. Unaweza pia kumweka kwenye kiti awe msimamizi, na kuchomelea wakafanya vijana, wawe wake au wa gereji. Hatari yake unaijua kama umewahi kujenga nyumba: mlango ukikataa kufunga, huyu atasema ni yule. Mkienda huko, lazima mmoja wao awe na neno la mwisho, na wote wawili wajue ni nani.

Lipo na la kusubiri. Unaweza kufunga nguzo na paa, ukalifunika vizuri kabla ya mvua, ukaacha mengine mpaka mzungumze. Bei ya mwisho wa mwezi ikipita, itakuja nyingine, huenda ikawa juu. Upande wa pili wa kusubiri ni kwamba basi lililowahi kuegeshwa "kwa muda" mnalijua ninyi wenyewe, na ugomvi nao hukauka ukawa mgumu. Kwa hiyo ukichagua hili, mpe kila mtu tarehe.

Nakuja kwa watu. Simu haitasaidia, kwenye simu mtarudia maneno yale yale. Kuna mjomba, kuna shehe aliyewasomea khitma, kuna mama mwenyewe. Ningekuwa karibu ningeomba mkutane Chamazi, mlangoni pa basi, likiwa wazi hivyo hivyo, na kaka yako akuonyeshe kila kitu kilikuwa wapi. Ukitaka kulirudisha lilivyokuwa, yeye ndiye mwenye picha kamili kichwani: wewe ulikuwa unapanda wakati wa likizo. Sijui kama uko tayari kulifuta lile neno "langu" mbele yake. Kulifuta hakukulazimishi kukubali mgahawa, wala hakufuti milioni 19. Na kama hauko tayari bado, ni sawa, ila ujue ndilo anasubiri.

Mama yenu mmemsikia amesema fanyeni mtakavyo, mkaishia hapo. Mimi nimesikia nusu ya pili. Lisitoke linavutwa. Yeye naye ana mafungu matatu, na huenda hajali rangi wala jiko, anataka alione likitoka kwa magurudumu yake. Muulizeni, wote wawili mkiwepo. Kama ndivyo, hilo peke yake linaathiri mpango wa kuuza injini.

Maandishi ya mchoraji yasikunyime usingizi. Umesema yako kwenye mlango wa buti, na mlango unakaa kwenye bawaba. Mwambie fundi yeyote atakayeshika kazi auvue leo, uuweke ndani kwako, hata kabla hamjaamua lolote. Bati likiwa limeliwa pembeni, linaungwa kwa ndani bila kugusa herufi. Na ukiwa hapo na brashi, hakikisha namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma bado inasomeka baada ya ile kazi ya kukwangua. Ipigie picha. Isiposomeka au ikazibwa na rangi, itakusumbua kwenye ukaguzi kuliko kutu.

Jirani yangu ameniomba niongeze moja. Kwenye magari ya umri huo, viatu vya breki vya zamani na vitambaa vilivyozungushiwa bomba la moshi mara nyingi vina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mafundi wakifungua magurudumu wasipulizie kwa upepo wa kompresa. Walowanishe kwa maji, wafute, vitambaa vya kufutia vifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Na watoto wa mtaani wanaokuja kuchezea usukani, siku hiyo wakae mbali.